Pete za Bluu na Stoo ya Jirani

Vijana wa kaunta, mmeniomba niandike "mambo yalivyokuwa", kana kwamba nimerudi kutoka vitani. Nimerudi kutoka Gerezani, pale Kariakoo, kwenye duka la mabomba na koki, ambako nilikalia kiti kimoja mpaka kikachukua umbo langu, au mimi nikachukua lake. Mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo. Sasa nipo nyumbani Ilala na bado natafuta kazi ya kufanya. Wiki ya kwanza nilibandika karatasi kwenye makopo yote ya jikoni: bizari, mdalasini, iliki, chumvi. Wiki ya pili mke wangu akahamisha vilivyomo, karatasi akaziacha palepale. Nilipouliza mdalasini uko wapi, akajibu, "Kwenye kopo la chumvi. Nyumba nzima inajua, isipokuwa karani."

Basi nafasi ya kuandika ninayo. Habari za vyeo na mshahara mtanisamehe. Cheo nilikuwa nacho kimoja, na mshahara nikiutaja mtacheka mbele ya wateja.

Niliingia pale nikiwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyewahi kuomba kukiona mara ya pili. Mwenye duka, marehemu Mzee Mbwana, aliniuliza maswali mawili tu.

"Unajua kuandika?"

"Najua."

"Na kukaa unajua? Maana yule aliyeondoka alikuwa hawezi kutulia, kila saa yuko nje."

Nikamwambia kukaa ndiyo kipaji changu. Hakucheka. Alinionyesha kiti.

Siku hiyohiyo alinikabidhi kwa Bi Mwanahawa, mtunza stoo, mama wa makamo aliyefunga kanga kiunoni kama anajiandaa kubeba nyumba. Nilimfuata na kalamu yangu nikitaka kuandika majina ya vitu kwenye maboksi. Nikakuta kila boksi limening'inizwa kitu chake kwa waya: boksi la koki lina koki nje, boksi la soketi lina soketi. Hakuna maandishi hata herufi moja. Nikadhani mama wa watu hajasoma. Kumbe alisoma kunizidi.

"Hii unaiitaje?" akaniuliza, ameshika kile kipande cha bomba kilichopinda.

"Elbo."

"Fundi wa Temeke anaiita kona. Yule Mpemba wa mtaa wa pili anaita kiwiko. Ukiandika elbo, hao wawili utawajibu hakuna, na boksi umelikalia. Itundike yenyewe, mwanangu. Hapo hakuna wa kubishana."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza kuhusu data, ingawa neno lenyewe nilikuja kulisikia baada ya mvi.

Somo la pili lilikuwa kwenye ukuta wa nyuma, karibu na mlango wa uchochoroni. Kulikuwa na safu ya misumari, na kwenye baadhi ya misumari zimening'inia washa, zile pete bapa za chuma zinazokaa kati ya nati na sinki. Hizi zilipakwa rangi. Nyekundu, njano, bluu. Nikamuuliza Bi Mwanahawa ni mapambo ya Idi? Akasema, "Hao ni majirani."

Ninyi mnajua mtaa wetu unavyoenda, lakini nitaeleza kwa atakayesoma naye hajui. Mteja akija na mahitaji yake, ukimwambia hiki kipo na kile hakipo, anakwenda duka linalofuata, na huko atanunua vyote. Kwa hiyo hakuna duka la Kariakoo linalosema hakipo. Unasema, "Kipo stoo, kaa." Unamsogezea stuli, unampa maji, unamuuliza habari za nyumbani, na huku mtu wa stoo anatokea uchochoroni mbio kwenda kwa jirani. Jirani anatoa. Kesho naye atakuja kwako. Siri hiyo wanaijua wenye maduka wote na wateja wote pia, ila kwa adabu kila mmoja anajifanya hajui.

Sasa, mali ikitoka kwako kwenda kwa jirani, utakumbukaje? Mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Kila duka lilikuwa na rangi: sisi kijani, duka la ng'ambo la Mzee Shomari bluu kwa sababu alibakiwa na rangi ya mlango. Anayechukua kwako anaacha pete ya rangi yake kwenye msumari wako, pete moja kwa kila mzigo. Akirudisha, anachukua pete yake anaondoka. Hakuna karatasi wala sahihi. Hakuna aliyehitaji karani, jambo ambalo mimi karani nililichukulia vizuri tu.

Pete ilikuwa na upungufu mmoja: inasema nani, haisemi nini. Nini, kilikuwa kichwani mwa mtunza stoo.

Bi Mwanahawa alipostaafu, kichwa hicho kikawa cha Nangonga. Huyu alitoka Masasi kijana, akaja mjini kutafuta kazi ya siku chache, na hizo siku hazijaisha mpaka leo. Ni mtu wa Kanisa, mpole, mwenye miguu ya paa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kupita Gerezani nilimwambia serikali imemwiga. Yeye akaniita Mwenyekiti, na msidhani ni heshima. Alikuwa anazungumzia kiti. Tulitaniana hivyo miaka yote, mmoja anakimbia, mmoja amekaa, na kati yetu duka likaenda.

Mzee Mbwana alipofariki, duka lilishikwa na binti yake, Saada, pamoja na baba yake mdogo ambaye ana hisa na ana sauti kubwa kuliko hisa. Saada alikua mikononi mwetu. Mimi ananiita Mjomba, Nangonga anamwita Baba Stela, kwa jina la binti yake Nangonga. Ndiye aliyetuletea kompyuta, na pamoja na kompyuta akamleta Neema.

Neema ni binti aliyesomea mambo hayo chuo kikuu. Siku ya kwanza nilimsubiri nikiwa nimekunja uso tayari, maana nilijua amekuja kuchukua kiti. Akaingia, "Shikamoo mzee," nikaitika marahaba ya mbali. Akavuta stuli ya wateja, akakaa pembeni yangu, akaniomba nimfundishe majina ya vitu. Uso ukanikunjuka bila ruhusa yangu.

Baada ya wiki chache akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Mzee, hii koki ya nusu inchi tunayo ngapi?"

"Nyingi tu."

"Kompyuta inasema zimeisha, na bosi ameagiza nyingine. Angalia. Hapa kuna 'koki nusu'. Hapa 'KOKI 1/2'. Hapa 'koki ya nusu inchi'. Na hapa kuna 'koki nusu (ile ya njano)'. Kompyuta inaona bidhaa nne. Nani aliandika 'ile ya njano'?"

Nikamwambia ni swali gumu. Akasema mwandiko hauonekani kwenye kompyuta lakini utani unaonekana.

Tulikaa wote wawili tukasafisha majina yale, kitu kimoja jina moja, kipimo kikitangulia. Nikamsimulia habari za Bi Mwanahawa na koki zake za kuning'iniza, akafurahi, akatafuta simu yake, akapiga picha kila bidhaa na kuiweka kwenye kompyuta kando ya jina. Ndizo picha mnazoziona mpaka leo. Ile yenye kidole gumba ni kidole changu.

Kisha akanivamia upande wa wateja. "Mzee, kwa mujibu wa kompyuta, duka hili lina mteja mmoja tu. Anaitwa Mteja. Ananunua kila siku, na inaelekea anaoga sana."

Ilikuwa kweli. Kila mauzo kaunta yetu iliandika "Mteja", kwa sababu mashine inadai jina na sisi tuna foleni. Neema akataka tuandike jina la fundi na kazi anayokwenda kufanya. Nikamuuliza kama tuandike na kabila la bomba. Akasema, "Andika tu, mzee, siku moja itakusaidia." Nikaamua kumkomoa. Kuanzia siku ile nikawa naandika kila kitu: fundi fulani, kazi ya choo cha shangazi yake, shangazi mkali, choo kilianza kuvuja kabla ya Ramadhani. Nilitegemea atachoka. Akawa anasoma jioni na kucheka peke yake.

Mambo yakawa yanaenda. Ndipo ukaja msiba. Kaka yake Nangonga alifariki Masasi, naye akasafiri kuzika. Wakati huohuo Saada akaona ni nafasi nzuri: stoo ipakwe rangi, vitu vyote vihesabiwe upya, kompyuta ianze mwaka ikiwa safi. Wazo zuri kabisa, na hata leo nawaambia, hesabu mkiwa mmefunga duka, siyo mteja anachukua huku na wewe unahesabu kule. Fundi rangi akaja, akang'oa misumari ya ukuta wa nyuma, akapaka ukuta mweupe ukang'aa kama meno ya bandia. Zile pete akazitia kwenye ndoo. Wakaja vijana wa kuhesabu waliokodishwa, hawatujui hatuwajui, wakaikuta ndoo, wakahesabu. Jioni kompyuta ikawa na bidhaa mpya: "Washa za rangi mchanganyiko."

Kaunta nzima tuliisoma ile. Hakuna aliyeshtuka. Saada alizichezea zile pete utotoni, mimi nilizitazama ukutani miaka nenda rudi, na tulipoziona zimeandikwa kwenye kioo, tukaona ni washa. Tena tukaanza kuziuza.

Hesabu ilipokamilika ikaonyesha pampu mbili za maji hazipo. Siyo koki hizo, ni pampu, kitu ambacho mtu anakibeba kwa mikono miwili. Baba mdogo akapigiwa simu, na sauti yake tuliisikia wote ingawa simu ilikuwa sikioni kwa Saada. Saada akaja kwangu macho yamemvimba.

"Mjomba, funguo za stoo alikuwa nazo Baba Stela peke yake, mpaka alipoziacha kwangu akisafiri. Pampu hazina miguu."

"Nangonga haibi."

"Mimi najua haibi. Ba'mdogo hajui. Amesema Jumamosi akija akute pampu, au akute mtu mwingine stoo." Akatazama mlango wa stoo. "Na Stela bado yuko chuo."

Hilo la Stela ndilo lililonikaa kifuani. Yule mtoto alikuwa anasomea ualimu na ada ilitoka kwenye miguu ya baba yake. Na mtu wa umri wetu akifukuzwa kwa neno "wizi", hakuna stoo nyingine ya Kariakoo itakayompa funguo, hata ya kufagia.

Nangonga akarudi Jumatano, na mfuko wa korosho wa kutugawia, na macho ya mtu aliyezika. Aliingia stoo kuweka mfuko. Akasimama. Akatoka.

"Mwenyekiti, misumari yangu iko wapi?"

"Wamepaka rangi."

"Rangi nimeiona. Nauliza misumari."

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya Jumamosi, maana ni afadhali aisikie kwangu kuliko kwa yule mwenye sauti. Alikaa kwenye stuli ya wateja. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa humo ndani. Akasema pampu zile alizichukua Mzee Shomari, siku chache kabla ya msiba, na pete mbili za bluu zilikuwa msumari wa tatu.

"Basi twende kwa Mzee Shomari," nikasema.

Neema akatutazama. "Wazee, Mzee Shomari si amefariki? Si mlienda kuzika juzi?"

Tulienda. Nangonga alikuwa Masasi, hakujua. Mimi nilijua, na bado nilisema twende.

Ng'ambo tulimkuta mkwe wa marehemu, aitwaye Jumanne, kijana aliyekuwa fundi simu mpaka juzi na sasa ana duka la mabomba bila kulitafuta. Alitupokea vizuri mno.

"Shikamoo wazee wangu. Karibuni chai."

"Marahaba. Jumanne, marehemu alichukua pampu mbili kwetu."

"Zipo," akasema, akafunua turubai nyuma ya kaunta. Pampu mbili zimekaa kama bibi na bwana harusi. "Mzee alizitenga, akasema ni za watu. Sasa duka la kona wamekuja, wanasema za kwao. Leo na nyie. Mzee aliniachia neno moja tu: atakayekuja na pete yetu, mpe mali yake. Asiye na pete, mpe chai." Akamimina vikombe viwili. "Tangu tuzike, wazee, nimeshatoa chai sana."

Nangonga hakukasirika. Alikunywa ile chai yote, akaweka kikombe. "Baba mkwe wako alikuwa mtu sahihi," akasema. "Usizitoe kwa yeyote."

Njiani nikamwambia angebishana kidogo. Akasema, "Nibishane na mimi mwenyewe? Angekuja mtu kwetu bila pete, ningempa?"

Tukarudi tukamwaga ile ndoo chini. Saada akapiga magoti kando yangu, na baibui lake zuri, akichambua chuma. Tukapata nyekundu, tukapata njano, tukapata bluu moja. Bluu ya pili haikuwepo. Nangonga akaipeleka ile moja palepale, na Jumanne akatoa pampu moja, pete akaivalisha kwenye msumari wake. Ya pili akaifunika tena na turubai.

Neema alikuwa amekaa kwenye kompyuta. Mara nikasikia anacheka, na haikuwa siku ya kucheka.

"Washa za rangi mchanganyiko," akasoma. "Imeuzwa moja, kwa Fundi Chande. Kazi: 'Sinki la hoteli ya Mama Upendo, Mnazi Mmoja, upande wa kushoto ukiingia, linavuja tangu mwezi uliopita na mama mwenyewe anasema akipata fundi mwongo tena atamkaanga na samaki.' Nani aliandika hii?"

Wote wakanigeukia. Nikasema ni swali gumu.

Fundi Chande tulimpigia, akasema yuko Mbagala juu ya paa na hashuki. Basi tukaenda wenyewe, mimi na Nangonga. Mnajua mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu akinituma samaki Feri namtafuta mtu wa kumtuma. Mnazi Mmoja nilikuwa napajua kwa kupita. Siku ile nilipavuka kwa miguu, jua la mchana kichwani, spana mkononi, nikimfuata mtu anayetembea kama anadaiwa na barabara.

Hoteli ilikuwa imejaa watu wa chakula cha mchana. Mama Upendo ni mwanamke mkubwa, na mwiko wake ni mkubwa.

"Mnataka kufanya nini?"

"Kufungua sinki, mama. Kuna washa tunaitaka."

"Sinki limevuja mwezi mzima. Limepona juzi. Sasa saa ya chakula mnakuja kulifungua mtoe kitu kilicholiponya?"

"Tumekuja na nyingine, mpya," nikasema. "Na risiti."

"Hiyo yenu mpya ina tofauti gani na hiyo iliyomo?"

 Nangonga akavua kofia. Akamweleza taratibu, msiba wa kaka, ukuta mweupe, pampu, Jumamosi. Hakutaja neno wizi, alisema, "Wanasema stoo yangu haijakamilika." Wateja wa meza ya karibu waliacha kutafuna. Mama Upendo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaupiga mwiko kwenye sufuria.

"Ingieni. Lakini likivuja nitawajua."

Mtu wa kuingia chini ya sinki alikuwa mimi, kwa sababu goti la kulia la Nangonga linakubali kukimbia, kuchuchumaa halikubali. Vijana wangu, niliuza mabomba maisha yangu yote ya kazi, na siku ile ndiyo nilifungua nati kwa mkono wangu kwa mara ya kwanza. Niliisahau ile koki ya kufunga maji. Nati ilipotoka, maji yakatoka nayo, yakaniingia kwenye mkono wa shati na kutokea sehemu ambazo sitazitaja.

"Mzee," Mama Upendo akasema juu yangu, "si unafanya kazi duka la mabomba wewe?"

"Kuuza, mama! Kufunga ni idara nyingine!"

Hoteli nzima ikacheka, na Nangonga naye, mara ya kwanza tangu arudi kutoka Masasi. Alikimbia kufunga koki. Nikatoka chini nimelowa kama pweza, nimeshika pete. Ilikuwa imechubuka upande mmoja, lakini bluu ya mlango wa Mzee Shomari ilikuwa bado ipo. Tukaweka mpya, nikakaza, Nangonga akakaza tena, fundi mmoja aliyekuwa anakula wali akaona aibu akaja kukaza kwa mara ya mwisho. Halikuvuja. Mama Upendo akatupa wali maharage, na bei hakuitaja.

Jumanne aliipokea ile pete, akaigeuza, akaisugua kwa kidole. Kisha akaipangusa machozi kidogo, samahani, machozi aliyapangusa machoni, pete ikabaki mkononi. "Hii rangi nilimsaidia kupaka," akasema. Akabeba pampu mwenyewe mpaka kwetu.

Jumamosi baba mdogo akaja na mtu aliyekwishamwandaa kukabidhiwa stoo. Pampu mbili zilikuwa katikati ya njia, ilibidi azizunguke ili aingie. Aliziangalia, akaangalia ukuta mweupe, akauliza chai iko wapi. Yule mtu wake akanunua koki akaondoka.

Saada akachukua funguo za stoo mezani akamrudishia Nangonga mbele yetu sote, kwa mikono miwili.

"Baba Stela, ukisafiri siku nyingine, usisafiri na kichwa chote. Tuachie kidogo."

"Sawa, mwanangu. Na nyie mkipaka rangi, msinipake na mimi."

Jumatatu Neema alimwomba Nangonga amtembeze uchochoroni kwa majirani wote. Alirudi viatu vimejaa tope, akakaa, akafungua kompyuta. Sisi tulikuwa na stoo mbili ndani ya mfumo, ya chini na ya juu. Akaongeza ya tatu, akaiita "Kwa Jirani", na ndani yake akaweka rangi zote za mtaa. Mali ikitoka kwenda ng'ambo, haijapotea na haijauzwa. Imehamia Kwa Jirani, bluu, na tarehe, na jina la kitu. Pete zikarudi kwenye misumari mipya, kwa sababu Nangonga alisema kompyuta hailii mtu anapopita mlangoni bila kurudisha, lakini pete anaiona. Neema akakubali. Nilitegemea atabisha, alinikatisha tamaa tena.

Kwa hiyo mkiona stoo ya tatu kwenye mfumo na mkajiuliza chumba chake kiko wapi, ndiyo hiyo. Msiifute. Na jina la mteja muandike, hata kama mnaandika kwa kumkomoa mtu.

Jambo la nakala pia nisilisahau. Neema alitaka nakala ya kila kitu kwenye flashi ikae mbali na duka, nikapewa mimi nikaiweke nyumbani. Niliiweka kwenye kopo la sukari. Mnakumbuka nilichosema kuhusu makopo; mke wangu alikuwa akihamisha vilivyomo hata enzi hizo. Ilipatikana baada ya siku mbili kwenye mchele, ikiwa nzima, na tangu hapo imekabidhiwa rasmi kwa mke wangu, ambaye hajawahi kuipoteza.

Stela alimaliza chuo. Anafundisha shule moja huko Kusini, na Nangonga bado anatokea uchochoroni mbio, goti na yote.

Siku yangu ya mwisho mlinipa keki na maneno, na mkaniambia nichukue kiti niende nacho nyumbani, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kukikalia bila kuteleza. Nikakipakia kwenye bajaji. Nilipogeuka kuaga nikamwona Nangonga yuko ukuta wa nyuma, anapiga msumari mpya. Akaning'iniza pete ya rangi ambayo haipo mtaani kwetu, rangi ya zambarau. Nilimuuliza ni ya duka gani hilo. Akasema alimpigia simu mke wangu kuuliza jiko letu limepakwa rangi gani.

Neema naye alikuwa keshaandika. Kiti kimoja, cha mbao, kimechakaa. Hakijauzwa, hakijapotea. Kipo Kwa Jirani, zambarau.

Kila mwisho wa mwezi, wakati wa kuhakiki stoo, ananitumia ujumbe. "Shikamoo mzee. Kiti kipo?"

Namjibu, "Marahaba. Kipo, nimekikalia."